Afande akizidiwa: maswali yenu kuhusu polisi na kujitoa uhai

Toleo hili tunajibu barua za jamii za polisi, nyingi kutoka Kenya na moja kutoka Tanzania. Majina tumeyaficha. Kama unasoma haya na hali ni ya sasa hivi, iwe ni wewe au mtu aliye chumba cha pili, acha kusoma kwanza. Ukiwa Kenya piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu, au 999. Usikae peke yako, wala usimwache peke yake.

Mume wangu ni koplo. Tangu arudi kutoka operesheni Bonde la Kerio, miezi miwili sasa, halali. Anakaa nje kwenye kiti cha plastiki hadi saa tisa usiku. Wiki jana alimpa kaka yake kadi ya benki na nambari ya siri, akamwambia, "Wewe ndiwe baba yao." Nataka kumuuliza, lakini mama mkwe anasema nikiutaja mkosi nitauita. Nifanye nini?
*Mama Brian, Bonde la Ufa*

Muulize leo, Mama Brian. Mama mkwe anasema hivyo kwa mapenzi, ila katika jambo hili amekosea. Watafiti wamelichunguza swali hili mara nyingi, na kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo ambalo hakuwa nalo. Aliye nalo huona mzigo umepungua, kwa kuwa sasa yupo mtu anayejua.

Chagua saa ambayo hajanywa na watoto wamelala. Kaa kando yake pale pale nje, mkitazama upande mmoja. Wanaume wengi, na askari hasa, huongea vizuri zaidi wasipokodolewa macho. Anza na ulichokiona, usianze na unachokiogopa: "Baba Brian, tangu urudi naona hulali. Umempa kaka yako kadi ya benki. Mtu akifika hapo huenda anawaza kujiua. Wewe unawaza kujiua?" Litamke neno lenyewe. Ukisema "Si unafikiria ujinga, sivyo?" umeshamwekea jibu mdomoni, naye atakujibu "La" ili akupendeze. Ukishauliza, nyamaza. Dakika nzima ya ukimya ni ndefu, lakini ivumilie.

Akisema ndiyo, usimkatize kwa kilio wala kumtajia watoto kana kwamba amewasahau. Hajawasahau. Huenda amejiaminisha kwamba wataishi vizuri zaidi bila yeye. Muulize mambo matatu: amefikiria kufanya nini, amefikiria lini, na bunduki iko wapi usiku huu. Mwenye namna na siku hafai kusubiri Jumatatu, mpeleke hospitali usiku huo huo. Akisema hapana lakini dalili zinaendelea, rudia baada ya siku mbili. Akikasirika, mwache akasirike.

Ile kadi ya benki ndiyo iliyotusumbua zaidi katika barua yako. Kukosa usingizi kunaweza kutokana na mengi, lakini mtu anayegawa majukumu yake, anayelipa madeni madogo madogo ghafla na kuaga watu bila safari, anafunga hesabu. Ukimwona siku moja ametulia ghafla na kuchangamka baada ya majuma ya giza, wala hakuna kilichobadilika, usishukuru haraka. Wakati mwingine utulivu huo hutokana na uamuzi aliokwisha kuufanya.

Mimi ni sajenti, ndiye ninayegawa silaha zamu ya usiku. Kuna konstebo wangu ananitia wasiwasi. Nikimnyima bunduki wenzake watasema amerukwa na akili, na huenda kazi ikaishia hapo. Nikimpa, nakesha roho mkononi.
*Sajenti, Pwani*

Afande, swali lako ndilo kiini cha ukurasa huu, kwa hiyo tutalijibu kwa urefu.

Polisi huumia kama raia wengine: huzuni, madeni, ndoa iliyovunjika, mambo aliyoyaona yasiyomtoka kichwani. Kinachomtofautisha ni kwamba kazi inamkabidhi kila jioni chombo kisichompa mtu nafasi ya kujuta. Nayo saa mbaya kabisa, ile ambayo mtu haoni mlango mwingine, kwa kawaida ni fupi. Huja kama wimbi, ikakaa dakika au saa kadhaa, ikashuka. Mwaka 1978 mtafiti Richard Seiden alifuatilia watu 515 waliozuiwa kujirusha katika daraja la Golden Gate, San Francisco, kati ya 1937 na 1971. Zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa bado hai au walikufa kwa sababu nyingine za kawaida. Hawakwenda kutafuta njia nyingine kesho yake kama watu wengi wanavyodhani.

Jeshi la Israel lilibadilisha jambo moja mwaka 2006: askari wakaacha bunduki kambini wanapokwenda nyumbani mwisho wa juma. Vifo vya kujiua vilishuka kwa takriban asilimia 40, na vilishuka hasa siku zile za mwisho wa juma. Havikuhamia siku nyingine. Ndiyo maana tunakuomba uache kujiuliza kama konstebo huyo ana akili timamu, hilo ni la daktari. Jiulize: saa 12 zijazo atakuwa wapi, na nani, na ana nini mkononi?

Sasa namna ya kufanya. Jambo linaloharibu mara nyingi ni kumnyima pale dirishani, wenzake wamepanga foleni na daftari liko wazi. Umemvua nguo mbele za watu, na aibu hiyo yenyewe ni hatari. Mwite nusu saa kabla ya kugawa silaha. Mwambie, "Usiku huu nakuhitaji ofisi ya ripoti, tushike OB, daftari la matukio, pamoja." Au mpe chumba cha redio akiwa na mwenzake. Ni kazi halali, haihitaji maelezo kwa yeyote, na inamweka penye taa na watu. Usimpangie lindo la peke yake, hata bila bunduki. Wala usimwambie "Nenda ukapumzike", maana mara nyingi hiyo ina maana ya chumba cha laini, yaani nyumba za polisi, kilichogawanywa kwa pazia, au chumba cha kukodi, na chupa.

Mkishakaa, muulize waziwazi kama tulivyomwelekeza Mama Brian. Akikiri, mnahitaji watu wawili: mmoja wa kukaa naye asiondoke hata akienda msalani, mwingine wa kushughulikia mengine. Apelekwe hospitali akiwa amevaa kiraia, kwa gari la kawaida, bila pingu. Hajakamatwa. Aliye karibu naye kirafiki, si aliye juu kwa cheo, ndiye akae naye kiti cha nyuma.

Halafu hesabu. Risasi zihesabiwe kwa sauti mbele ya mtu wa pili, moja moja hadi idadi iafikiane na daftari, kwa kuwa risasi moja iliyosahaulika mfukoni inatosha kubatilisha kazi yote. Kumbuka bastola ya mpelelezi anayelala chumba kimoja naye, na bunduki ya jirani anayeiegemeza ukutani akienda kuoga. Nyumbani, mke au ndugu afungie dawa za shamba na vidonge vingi. Hili hufanywa kwa adabu, kama mtu afungiavyo funguo za gari la mgonjwa wa kifafa.

Akiwa tayari ameshika silaha na anatishia, usimpokonye. Ondoa watu, simama penye kinga, msemaji awe mmoja, taratibu, na ombi liwe dogo: "Iweke chini, tuongee." Usimletee mke au mama kuja kumbembeleza pale, maana huenda ugomvi ulianzia hapo, na matukio ambayo askari aliua wa nyumbani kwanza yamekuwa yakitokea. Hao ndio wa kuondolewa mapema zaidi.

Ila yote haya ni ya dharura. Dawa ya kudumu, ambayo wewe na mkuu wa kituo chako (OCS) mnaweza kuipanga hata bila waraka kutoka juu, ni kuifanya likizo ya bunduki kuwa desturi ya kila mtu. Mkubaliane kwamba yeyote aliyempiga mtu risasi, aliyefiwa na mwana au mwenzi, aliyekabidhiwa barua ya kusimamishwa kazi, au aliyetoka operesheni iliyoua wenzake, hashiki silaha kwa siku mlizoziweka, awe mzima au la. Likimhusu kila mtu, haliwi alama ya mtu mmoja. Na tarehe ya kurudishiwa iandikwe, hata kama itasogezwa baada ya daktari kumpima. Askari aliyenyang'anywa bunduki bila tarehe huona amefukuzwa kimyakimya: posho zinapotea, wenzake wanaacha kumpigia simu, na siku moja anaulizwa mlangoni kituo chake ni kipi.

Tuongeze hapa jambo linalotuuma. Barua ya kusimamishwa kazi hukabidhiwa Ijumaa jioni, mwenye kuikabidhi akaondoka zake, na mpokeaji akabaki na wasiwasi wa mshahara, aibu, na siku mbili za kutoonana na mtu. Kuikabidhi Jumanne asubuhi, silaha ikiwa imeshapokewa na mtu mmoja akiwa amepangwa kumsindikiza, hakugharimu serikali hata shilingi.

Nina miaka 27, konstebo. Mikopo imenimaliza: sacco, benki, na ya simu. Nakunywa ili nilale. Kuna siku niliwaza kumaliza yote. Nikienda kwa mshauri, cheo si ndiyo basi?
*Konstebo, Nairobi*

Ndugu yetu, umeandika, na hiyo ni hatua. Kama wazo hilo litarudi ukiwa na silaha mkononi, irudishe ghalani kwanza, hata kwa kisingizio cha tumbo, kisha upige simu.

Kuhusu siri. Tume ya Huduma kwa Polisi (NPSC) ina kitengo cha ushauri nasaha, na huduma ya polisi ina wahudumu wa kiroho wake. Kabla hujafungua moyo kwa mshauri yeyote, muulize hivi: "Nitakayosema yataandikwa wapi, nani anayasoma, na ni lini utalazimika kumwambia mtu?" Mshauri mzuri atakujibu bila kusita. Jibu la kawaida ni kwamba siri huvunjwa pale tu maisha yako au ya mwingine yanapokuwa hatarini, na hata hapo anasema kile tu kinachohitajika. Kama huwezi kuamini mtu wa ndani, kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya kaunti itakupokea kama raia yeyote, na Nairobi ipo hospitali ya Mathari. Hulazimiki kuvaa sare.

Ukiandikiwa dawa za sonona (ugonjwa wa huzuni kali, depression), jua kwamba hazifanyi kazi siku hiyo hiyo. Huchukua majuma 2 hadi 4, wakati mwingine 6. Wengi huziacha juma la pili wakisema hazisaidii, au mwezi wa pili wakisema wamepona. Majuma ya mwanzo nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla ya matumaini, kwa hiyo mtu awe karibu nawe kipindi hicho.

Pombe inakulaza, ndiyo, kisha inakuamsha saa tisa ukiwa na mawazo mabaya kuliko ya jioni, na inalegeza breki pale pale unapozihitaji. Kama unakunywa kila siku usiache ghafla peke yako: kutetemeka na kifafa cha kuacha pombe vinaweza kuua. Mwambie daktari kiasi cha kweli. Ukitoka zamu ya usiku, chai na kahawa viishie katikati ya zamu, chumba kiwe giza hata kwa blanketi dirishani, na simu ikae mbali na kitanda.

Deni sasa. Kwa sheria ya ajira ya Kenya, makato yote ya mshahara hayapaswi kuzidi theluthi mbili. Chukua hati yako ya malipo, pigia mstari kila kato, ujumlishe. Ikizidi, una hoja ya kupeleka kwa mhasibu. Mikopo ya simu iandike pembeni kwa tarehe na riba, na uende sacco kuomba mkopo mmoja wa kuifunga ile yenye riba kali, ukilipa kwa muda mrefu zaidi. Usiende peke yako, nenda na mtu anayejua hesabu. Na usikope tena kulipa deni la kamari. Hatujui kama unacheza, lakini tukiona mikopo ya simu kwa kijana wa umri wako huwa tunauliza.

Mwisho, tafuta karatasi, uikunje iingie kwenye daftari lako la mfukoni. Andika kwa mkono wako: dalili zako kwamba wimbi linakuja (kwa mfano "sijibu simu za mama"), mambo mawili unayoweza kuyafanya peke yako, mahali penye watu, majina mawili na nambari za wa kumpigia na kumwambia kweli, nambari ya mtaalamu, na 1199, na ulipoiweka silaha mbali nawe. Iandike siku uliyo sawa. Siku mbaya kichwa hakikumbuki hata jina la rafiki, ndiyo maana iko kwenye karatasi.

Je, huku si ukosefu wa imani tu? Askari wa zamani hawakufanya hivi.
*Mzee wa kanisa, Magharibi mwa Kenya*

Mzee, walifanya, ila iliandikwa "ajali wakati wa kusafisha bunduki" ili familia imzike kwa heshima na mirathi isisumbue. Sonona huwashika wanaosali na wasiosali. Mkisali naye, na iwe hivyo, kisha mumsindikize kliniki siku hiyo hiyo. Neno "mwoga" lisitoke madhabahuni, kwa sababu yupo aliyeketi benchi la nyuma anayelisikia.

Ndugu yangu askari alijaribu, akapona. Nikimpeleka hospitali si atashtakiwa? Huku kwetu ni kosa.
*Dada, Tanga*

Hofu yako ina msingi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinataja jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, hadi tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu Nairobi alipotamka kuwa kinakiuka Katiba. Kesi hiyo ililetwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Maoni yetu ni kwamba sheria hii haimwokoi mtu. Inawafanya ndugu wamfiche chumbani mgonjwa aliyehitaji kitanda.

Hata hivyo mpeleke. Mwambie daktari kweli, maana tiba ya sumu au ya vidonge inategemea kujua alichomeza na saa ngapi. Omba daktari aandike utambuzi wa ugonjwa, sonona au chochote kile, kwa kuwa maandishi hayo ndiyo atakayoyategemea wakili na mkuu wake wa kazi. Baada ya kuruhusiwa, siku na majuma ya mwanzo nyumbani ndiyo ya hatari zaidi, kwa hiyo usitoke wodini bila tarehe ya kurudi, nayo iwe ndani ya siku 7.

Kuna jeshi la polisi lolote lililofaulu?
*Inspekta mstaafu, Nakuru*

Lipo. Polisi wa jiji la Montreal, Kanada, walianza mpango mwaka 1997 wenye nguzo nne: mafunzo kwa askari wote kuhusu dalili na jinsi ya kusaidiana, mafunzo ya ziada kwa wasimamizi na viongozi wa chama chao, simu ya msaada inayojibiwa na polisi wenzao waliofunzwa, na kampeni ya kuutangaza mpango. Katika miaka 12 kiwango cha kujiua kilishuka kutoka takriban 30 hadi 6 kwa kila watu 100,000, ilhali kwa polisi wengine wa jimbo la Quebec hakikushuka. Angalia palipowekwa uzito: kwa sajenti na kwa mwenza wa doria. Kenya, kikosi kazi cha Jaji Mkuu mstaafu David Maraga kilichokabidhi ripoti mwaka 2023 kiliyapitia maisha ya askari kwa upana, mishahara na hali ya kazi zikiwemo. Mshahara na nyumba ni tiba pia, wala hatusemi ushauri nasaha ujaze pengo la chumba kisicho na ukuta.

Tumempoteza mwenzetu kituoni majuma mawili yaliyopita. Nani aambiwe nini? Ana binti wa miaka tisa, ameambiwa baba yake yuko kozi Kiganjo, chuo cha polisi.
*Inspekta, Mashariki mwa Kenya*

Poleni sana, afande.

Kituoni, sema ukweli mfupi kwa wote siku moja: amefariki kwa kujiua, tunaomboleza, hatujui sababu zote na hapajakuwa na sababu moja. Usieleze alivyofanya, wala picha zisipite kwenye makundi ya simu. Maelezo ya namna humfunza aliye ukingoni. Azikwe kwa heshima ile ile ya askari mwingine yeyote, bila kukifanya kifo chenyewe kuwa ushujaa. Kisha uandike majina ya waliokuwa karibu: aliyemkuta, aliyegombana naye mara ya mwisho, aliyempa silaha jioni ile, mwenza wake wa doria. Kila mmoja aulizwe ana kwa ana ndani ya siku 3, tena baada ya mwezi, tena siku ya mwaka. Aliyempa silaha mara nyingi husahaulika, naye ndiye anayerudia hesabu ya jioni ile kila usiku. Kama umechelewa, anza leo.

Binti aambiwe na mama yake juma hili, kabla hajaambiwa shuleni. Kwa maneno ya umri wake: "Baba hakuwa kozi, tulikosea kukuambia hivyo. Baba alikuwa mgonjwa, ugonjwa wa mawazo, ukamfanya aamini kwamba hakuna njia nyingine, akajiua. Si kosa lako. Hakuna ulilofanya wala ulilosema." Msimwambie amelala au amesafiri, ataogopa kulala, na atamngoja stendi. Atauliza swali moja, atakwenda kucheza, atarudi na lingine baada ya siku tatu akiwa anakula. Mjibuni kila mara. Mwalimu wake naye aambiwe, na mumwachie binti kitu cha baba akishike: filimbi ya zamu, au kofia.